Mkanda Ulioshonewa Kwenye Kiti

Elisante, Jumamosi tarehe 14 Juni ndiyo siku niliyoumbuka mbele ya mama mkwe.

Nilipanda Lukozi kwa bibi yake na ile Subaru niliyonunua, kumchukua mwanangu Modesta arudi nyumbani. Unajua tangu mama yake afe kwa ajali ya gari kwenye zile kona za Soni, bibi amekataa kumtoa. Mwaka mzima nabembeleza.

Kijana aliyeniuzia nilijua kalishusha gari karibu liguse chini, katoboa eksozi ili lingurume. Nikasema kelele siyo ugonjwa.

Shikamoo yangu bibi kaiitikia huku anafungua mlango wa nyuma. Kavuta mkanda, haukuja. Kavuta tena.

"Baba Modesta, huu umeshonewa kwenye kiti."

Umeshonewa, Elisante. Kwa uzi mwekundu, na mimi siku zote nikidhani ni urembo. Nikang'oa kiti, chini yake ni spika tupu. Mikanda yote ya nyuma yule kijana kaikata, kaacha vipande vya kuonyesha watu.

Nikamwambia mama mkwe, gari limekaguliwa na trafiki, stika hiyo hapo kiooni. Lakini yule afande aliyekagua wala hakufungua mlango, Elisante. Alibandika akaenda zake kunywa chai. Hao ndio tumewapa madaraka.

Modesta alikuwa ameshabeba begi lake. Bibi akampokea, akalirudisha ndani.

Akasimama mlangoni, akaniuliza bila kunitazama:

"Huyo aliyekubandikia, mjukuu wake angempandisha humu?"