Kompyuta Ninayoiponda ili Shemeji Asiiombe

Mpendwa Shangazi Taraivini, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana kamba nimejifunga mwenyewe na sasa inanikaba.

Mimi ni baba wa familia, naishi Nausori, hapa Fiji, na mtaani kwetu ndimi ninayefuatilia habari za simu na kompyuta, kila jioni tukikaa mkekani na bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha mizizi, watu wananigeukia, "Haya mtaalamu, leo makampuni yanasemaje?" nami nawapa, kwamba simu mpya ya mwaka huu ni ile ya mwaka jana iliyohamishwa kamera, kwamba kompyuta zinapanda bei kwa sababu wenye akili bandia wananunua vipuri vyote wakatuachia makombo, kwamba siku hizi hata friji inataka kupiga soga na wewe wakati wewe unataka maji ya baridi tu, na watu wanacheka, wanapiga makofi, hakuna anayenunua hata chaja bila kuniuliza.

Tatizo langu ni Waisake, kaka wa mke wangu. Nampenda, lakini jicho lake halitulii. Unayajua mwenyewe mambo yetu, mtu wa ndani akishasema "kerekere, shemeji, naomba hiyo," huna mdomo wa kukataa, unatoa huku unatabasamu. Hivyo ndivyo ilivyoondoka redio yangu, ikafuata hedifoni, ikafuata simu ambayo kioo chake nilikuwa hata sijakibandua karatasi. Nikaona maadamu siwezi kukataa, basi nimzuie asiombe. Nilipojinunulia kompyuta ya Arvena, na naapa Shangazi sijawahi kushika kitu kizuri kama kile, betri inakaa kutwa, kitu kikiharibika unaifungua mwenyewe kwa bisibisi ya kawaida, nikaanza kuiponda mbele za watu. Nikasema inapata moto, vitufe vinang'oka, nimeuziwa mzigo. Na ili nisishukiwe nikaisifu Boltik, ambayo mimi hata bure siichukui, imegandishwa kwa gundi kila upande na betri yake haikawii kuvimba kama andazi. Waisake akanionea huruma kabisa, "Pole shemeji, na ujuzi wako wote huo wamekupiga hivi!" Nikainamisha kichwa, moyoni nacheka.

Kumbe watu walikuwa wananisikiliza. Mwalimu wa kwaya akanunua Boltik, jirani akanunua Boltik, Waisake naye akanunua, akaja kunishukuru na mihogo. Sasa shule ya watoto wetu imechangisha, kina mama wameuza roti na samaki wa kukaanga mpaka mikono imeota sugu, na Jumamosi kikao kinachagua kompyuta za darasa zima, na mwenyekiti ameshasema, "Hakuna haja ya kubishana, mtaalamu yupo, atuambie." Binti yangu Litia yumo darasa hilohilo. Nikisema kweli, Arvena yangu inaondoka na Waisake kabla sijaketi, na aibu juu. Nikisema Boltik, watoto wanapewa takataka kwa jasho la mama zao. Nimefikiria niumwe siku hiyo. Je, niumwe?

Mimi Mtaalamu Niliyekwama,
Nausori

Shangazi Taraivini anajibu:

Usiumwe. Ukiumwa watakuja kukuuliza kitandani, nawe utadanganya ukiwa umelala.

Kwanza pole, na ni pole ya kweli. Sufuria yangu nzuri kuliko zote iko kwa wifi yangu tangu mwaka juzi, na nikienda kula kwake nasifia mchuzi. Kerekere inauma, asikudanganye mtu. Lakini mwenzako nilipoona sufuria zangu zinahama, sikuwaambia watu wapikie ndoo za plastiki!

Hebu jitazame, mwanaume mzima. Kila jioni unayasema makampuni kwamba yanatuuzia takataka kwa maneno matamu. Wewe umefanya nini tofauti? Wao angalau wanalipwa. Wewe umewatwisha ndugu zako Boltik bure, na mmoja wao akakuletea mihogo ya shukrani. Na uliila, sivyo? Ulimtegea Waisake peke yake, lakini mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwemo. Mimi mwenyewe nina Boltik. Kijana wangu alisikia kwa mtu aliyesikia kwa mtaalamu fulani wa huko kwenu. Jibu hili naliandika huku nusu ya vitufe imelala, kwa hiyo usitegemee upole.

Unaogopa watakucheka. Ndiyo, watakucheka. Waisake ni shemeji yako, atakucheka mpaka siku ya mazishi yako, ndiyo kazi aliyopewa. Kucheka hakuui mtu. Lakini Litia akikaa mbele ya mashine iliyokufa, akijua baba yake alijua, hilo litakuua wewe.

Sasa sikiliza. Kesho, usingoje Jumamosi, chukua mzizi wa yaqona uende kwa Waisake kama aendavyo mtu mwenye kosa. Keti chini, umpe, umwambie yote kwa mdomo wako kabla hajaambiwa na wengine. Jumamosi beba Arvena yako, ifungue kwa hiyo bisibisi mbele ya kikao, kina mama waone kwa macho yao wanachotaka kununua. Kisha waambie Boltik ni kitu gani na kwa nini uliisifu. Usizungushe maneno, usilete habari za vipuri na akili bandia. Na wote walionunua kwa kukuamini, kuanzia leo wewe ndiye fundi wao, bila malipo, mpaka hizo mashine zife zenyewe. Yangu naituma kwa basi la Jumatatu.

Ukishamaliza kusema, Waisake atasema kerekere. Atasema palepale, mbele ya watu, meno yote nje. Mpe, tena kwa mikono miwili, na utabasamu kama ulivyolelewa.

Na chaja mpe palepale. Usiniambie uliisahau nyumbani, mwanangu. Nakujua.