Pikipiki Bado Imelala Pale Ulipoiacha

Kiprotich, mjukuu wangu,

Wewe ni mjinga. Nimelitanguliza hilo ili usihangaike kulitafuta chini. Mjinga, na mwoga juu yake. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, kwa darasa langu la tatu, na sikuitia kwenye bahasha. Nimemwambia anayeileta aiache wazi, kila atakayeipokea njiani asome. Aibu ya nyumba hii ilishapita barabarani bila nguo, sasa barua nayo nitaivalisha nini?

Usidhani umejificha. Mama mmoja wa kuuza viazi alikuona huko Sigor ukiosha pikipiki za watu, akaja kuniambia mimi nyanya yako sokoni Litein mbele ya wanawake wote. Ati, "Kogo, yule wako amenenepa." Umenenepa! Baba yako amekonda mpaka tumetoboa tundu jipya kwenye mshipi wake kwa msumari.

Unakumbuka kikapu? Mama yako alipokuwa anaumwa, nilikufunga mgongoni na leso, kikapu cha kuchumia nikakining'iniza mbele, tukapanda shambani hivyo, nimebeba mizigo miwili na mmoja unalia. Ulikuwa mtoto wa kulia ovyo. Ukungu ukishuka, unalia. Jogoo akikuangalia, unalia. Ulipoanza kutembea nikakuweka kati ya michai nikakufunza: majani mawili na chipukizi, usivute, vunja. Nikakufunza pia kwamba jani lililochumwa haliguswi na ardhi. Likiingia udongo, karani wa kituo cha kuuzia majani analirudisha, na umechosha mgongo bure. Kwa yote niliyokuambia tangu uzaliwe, ulishika hilo moja. Mengine yalipita kama maji kwenye bomba lililotoboka.

Halafu ukaja na ile pikipiki ya magurudumu matatu, yenye sanduku la chuma nyuma la kubebea magunia ya majani. Umeandika kwa rangi nyekundu KOGO EXPRESS, herufi zimepinda kama zimekunywa. Nilikutukana siku hiyo, lakini Jumapili nikapanda. Unakumbuka tulivyofika kanisani, mimi nimekaa nyuma na kitambaa changu cheupe, nimeshika chuma kwa mikono miwili? Wanawake walicheka. "Kogo siku hizi ni gunia!" Nikawajibu, "Gunia lenye dereva wake. Nyinyi mtarudi na miguu." Wewe ulicheka mpaka ukasahau kuzima injini. Sitakudanganya, siku hiyo nilikuwa na kichwa kikubwa kuliko kanisa.

Sasa niambie, dereva wangu. Siku gurudumu la nyuma lilipoanza kulia kama mbuzi, na wewe ukasema ni beringi, nani alikufunga macho? Kulikuwa kumenyesha asubuhi. Ulisimamisha hicho chuma kando ya zizi, mahali ambapo hata ndoo ya maziwa haikai bila kushikwa, kwa sababu boma letu lote ni mteremko na wewe hukutaka kusukuma mpaka pale palipo sawa mbele ya jiko. Magunia yalikuwa yamejaa ndani. Mimi nilisimama mlangoni na bakuli la mahindi ya kuku, nikawasikia.

"Shusha majani kwanza," baba yako alisema.

"Nishushe wapi, baba? Chini ni matope na mavi ya ng'ombe. Karani atakataa yote."

"Na mzigo huu utainuka?"

"Jeki inainua lori, baba. Nimevuta handibreki. Wewe ukae tu hapo upokee gurudumu likitoka."

Ukainua. Jeki ikaanza kuzama matopeni, ukaona uiongezee nguvu na magogo ya mkaratusi, yale ya kuni, ya duara, yenye maganda mabichi. Ukayapanga chini ya chuma kama mtoto anayejenga nyumba ya kuchezea. Mwanangu akakaa chini, mguu wake chini ya sanduku, kwa sababu ni mwanawe aliyemwambia akae.

Watu hapa wanasema ni mimi niliyekulea ukiogopa karani kuliko Mungu. Nilikufunza jani lisiguse ardhi, ndiyo, na nitamfunza hata mtoto wako ukipata. Sikukufunza kumweka mtu chini ya chuma ili jani libaki safi.

Magogo yalizunguka. Pikipiki ikateremka kidogo tu, kama mtu anayejisogeza kitini, halafu ikakaa juu ya mguu wa baba yako.

Na hapa ndipo nataka usome polepole. Baba yako alipiga kelele. Hakumwita Mungu. Hakuniita mimi niliyemzaa, na nilikuwa nimesimama karibu. Aliita "Kiprotich!" Akaita tena. Mimi nikainua macho nikaona shati lako la bluu likishuka kati ya michai. Miguu yako ilikuwa haijawahi kufanya kazi kwa bidii hivyo.

Jirani yetu Otieno, yule wa kutoka upande wa ziwa anayetengeneza mashini kiwandani, ndiye alikuja na vijana wawili. Walitoa magunia yote wakayatupa matopeni. Ndiyo, Kiprotich, majani yako yakaguswa na ardhi, na ng'ombe wakayakanyaga. Wakainua kwa mti mrefu, tukamvuta. Watu waliuliza uko wapi. Nikasema umekimbia kuita gari. Nilisema hivyo kwa kila aliyeuliza, mpaka giza likaingia na watu wakaacha kuniangalia usoni.

Otieno alirudi siku nyingine kuangalia. Akauliza, "Kogo, nani aliinua hii na mzigo ndani?" Nikamwambia ulikuwa umevuta handibreki. Akatikisa kichwa. "Handibreki inashika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua yote mawili hewani, inashika nini? Inashika upepo." Kitu kidogo hivyo. Hata mimi nimekielewa, na mimi siwezi kuendesha hata wilbaro.

Baba yako anatembea sasa, ukiita huko kutembea. Goti halikunji. Mama yako anabeba majani kichwani mpaka kituoni, akifika shingo imeingia mabegani. Alikuja mtu wa vyuma kutoka Litein anataka kuinunua hiyo pikipiki jinsi ilivyo. Baba yako alimfukuza na mkongojo. Otieno alisema ataitengeneza bure. Akakatazwa. "Iache," baba yako anasema. "Mwenyewe atakuja." Kuku wanataga ndani ya sanduku lake. Na jioni huyo mwanangu anageuza kiti kiangalie lango, halafu ananiambia anaangalia hali ya hewa. Hali ya hewa ya lango!

Sikuandikii kukusamehe. Mguu si wangu, siwezi kutoa msamaha wa mguu wa mtu. Wala usiniletee machozi, nilishayasikia yako yote ukiwa mgongoni. Kama unafikiri nimelala vizuri tangu uende, endelea kufikiri, hiyo ni kazi yako. Ninachojua ni kwamba mtu anayekungoja anazeeka kwenye kile kiti mbele ya macho yangu, na mimi sitamzika mwanangu akiwa bado anaangalia barabara.

Kwa hivyo utakuja Jumamosi, mchana, watu wakiona. Upite barabarani, si katikati ya michai kama mwizi wa mbuzi. Msalimu baba yako kwanza. Kisha ondoa kuku, ondoa kila kitu kwenye sanduku, hata mayai. Mtaisukuma mpaka pale palipo sawa mbele ya jiko, wewe na Otieno. Gurudumu la mbele uliwekee mawe mbele na nyuma, na breki yake uifunge kwa mpira wa tyubu ili isiachie. Weka ubao mpana chini ya jeki. Uiweke kwenye fremu, usiiweke kwenye tumbo la injini. Ikishainuka, tia vigogo vilivyopasuliwa vikawa bapa, huku na huku, halafu uishushe ikae juu yavyo, usiitegemee jeki. Kisha uitikise kwa nguvu zako zote, kama unavyonitikisa mimi moyo. Ikisogea hata kidogo, anza upya. Mtu asiingize hata kidole kabla ya hapo.

Ikitulia, ingia chini wewe. Peke yako. Baba yako atakaa kwenye kiti chake, na ndiye atakayekupa spana.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni, kikapu mbele,
Kogo yako.

Lete jeki. Ya hapa ilipinda.