Kijiti Kisichobadilika Rangi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, na natumaini barua hii inakukuta umeketi, maana wewe husoma umesimama huku sufuria inaungua. Shemeji hajambo? Kifua chake kimetulia? Mimi nipo. Miguu imevimba hadi viatu vyote vimenikataa, na dunia yangu sasa ni kitanda, kiti, ndoo, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Akili bado nzima, na ndiyo inayonitesa.

Binti yako ndiye anayekuletea barua hii, na nimemwomba asiondoke hadi uimalize. Ningeweza kupiga simu. Juma hili nimekupigia mara mbili, na zote mbili nikaishia kuuliza hali ya kuku wako. Ukishasema tu "kaka", ujasiri wote unanitoka.

Daktari ameniambia wazi kuwa figo zangu zimefika mwisho. Alianza kunieleza kwa upole jinsi figo zinavyofanya kazi, nami nikamwacha aeleze, mimi niliyelifundisha somo hilo hadi nikastaafu.

Unalikumbuka somo langu la viti. Nililirudia hata sebuleni kwako. Niliwaamuru wanafunzi watoe viti darasani wavipeleke uwanjani, kisha wachache niliowachagua wavirudishe kabla ya kengele. Nikawaeleza kuwa figo huifanyia damu vivyo hivyo: huchuja maji, chumvi, sukari na taka, zikavitoa vyote kwa pamoja, halafu zikarudisha ndani vile mwili unavyovihitaji. Sukari hurudishwa yote, mradi wabebaji wanatosha. Ikizidi mikono yao, inayobaki hutoka na mkojo. Watoto walicheka, vumbi likatimka, mwalimu mkuu akanigombeza, na kwenye mtihani hakuna aliyekosa swali hilo.

Ndipo wewe ukaambiwa una kisukari. Sindano unaziogopa tangu utotoni, nikakuonea huruma. Nikakuletea vijiti vya kupimia mkojo, nikakufundisha kuchovya, kusubiri na kulinganisha rangi. Nilikuambia kijiti kikibaki buluu, sukari yako iko sawa, na huna haja ya kupanga foleni kliniki ili utobolewe kidole. Shemeji alipinga. Alisema sukari ya damu ipimwe kwenye damu. Tulibishana mezani hadi chai ikapoa. Akaniita daktari wa mikojo, nami nikamuuliza mbele ya watoto wake yeye alisomea wapi. Akainuka, akatoka nje. Wewe ulinifuata mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu wa ukoo. Kliniki ukaacha, dawa ukawa unapunguza mwenyewe kwa kuangalia rangi.

Juzi binti yako alinisimulia kwamba vidole vyako vya miguu vimekufa ganzi, kama unakanyaga pamba, na macho yako yana ukungu. Akasema kila akikusihi uende hospitali unamjibu aache woga, kijiti bado ni buluu. Siku hiyo sikuweza kula.

Kijiti kinakudanganya. Hapana, niandike sawasawa: mimi ndiye ninayekudanganya. Mwaka juzi nilikwenda kufanyiwa upasuaji wa ngiri. Asubuhi ile nilikuwa nimejipima mkojo nyumbani, maana nami nilijiangalia kwa vijiti kama vyako, na kijiti buluu safi. Hospitali wakapima damu, wakakuta sukari iko juu mno, wakaahirisha upasuaji. Nilielewa palepale kitandani, bila kuelezwa na mtu. Figo zikizeeka huchuja polepole. Viti vichache ndivyo vinavyofika uwanjani, na wabebaji wanavimudu vyote, hata kama darasa limejaa hadi madirishani. Uwanja mtupu haukuambii darasani mna viti vingapi. Hayo niliyajua. Yalikuwa katika somo langu mwenyewe, sehemu ya mwisho, ile niliyozoea kuiruka kengele ikikaribia.

Nikaanza dawa kimyakimya, ingawa sukari ilikuwa imekwisha kuzichakaza figo. Vijiti vyangu nikavitupa. Vyako niliendelea kuvinunua na kukutumia, na uliponishukuru nilizipokea shukrani zako. Kila nilipotaka kusema, nilimwona shemeji akitabasamu upande wa pili wa meza, nikasema moyoni, labda mwezi ujao. Sikutaka ashinde. Nimetafuta sababu nyingine ya kukuficha, yenye heshima kidogo, nikuandikie hapa, sikuipata.

Kesho asubuhi nenda ukapimwe damu. Waambie habari za macho, na uvue viatu waione miguu. Dawa usizibahatishe tena, fuata watakavyokuelekeza. Vijiti vilivyobaki mpe binti yako avitupe wewe ukiona.

Siombi unisamehe sasa. Huwezi kumsamehe mtu kabla hujajua kama mguu wako utabaki. Subiri majibu, kisha uamue, na ukiamua usinitembelee, sitamuuliza mtu kwa nini.

Jambo moja zaidi. Nakujua, mdogo wangu. Utaisoma barua hii, utalia, halafu utaificha chini ya godoro ili mumeo asipate kunicheka. Kwa hiyo nimeandika nyingine kama hii, neno kwa neno, kwa jina lake, na nimemwagiza binti yako aanze kumkabidhi yeye. Ukifika mstari huu, shemeji atakuwa amekwisha kusoma. Mwache anicheke, kisha akushike mkono mwende.

Wasalimu watoto wote, na pole kwa mwandiko. Mkono nao umechoka.

Ni mimi kaka yako, ninayekuonea haya.