Jiwe Ambalo Wifi Hakulikwaruza

Jumatatu, 4 Agosti

Baridi. Maji ya kuoshea mawe yananiuma vidole. Nimepima mfuko mzima wa mawe ya mtu wa Gitting: brashi, ulimi, kioo. Jiwe la kweli hubaki baridi ulimini, chupa hupata joto upesi; na jiwe gumu kioo hakilikwaruzi, laini huchorwa. Yote kwatzi, mawe magumu ya bei ndogo, isipokuwa ganeti mbili ndogo nyekundu. Mwenyewe wala hakungoja jibu langu. Alikuwa anamsubiri Yasinta.

Yasinta ni wifi yangu, mdogo wake Paskali mume wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika jiwe. Kaenda Arusha miezi mitatu, karudi na lenzi inaning'inia shingoni, sasa soko zima la Mbulu linamwita mtaalamu. Na mimi? Mama wa kioo. Eti.

Ni wivu. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumanne, 5 Agosti

Leo tena. Wateja wanne kwake. Kwangu mmoja, naye aliuliza dada wa lenzi yuko wapi. Nikasema sijui. Alikuwa nyuma yangu anakunywa chai.

Jumatano, 6 Agosti

Kaja Mama Gidamuda, Mbarbaigi wa Hirbadaw, mjane. Ana jiwe la zambarau, kubwa kama kidole gumba. Marehemu mumewe aliliokota akichunga, akalitunza mpaka anakufa. Anataka kujua ni jiwe gani, kisha likatwe liwe kidani cha binti yake anayeolewa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akapita meza yangu kama haioni.

Yasinta akalitia kwenye lenzi. Akasema amethisti, ile kwatzi ya zambarau. Hakulikwaruza. Kipande changu cha kioo kilikuwa hapo hapo karibu na mkono wake, lakini wapi!

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliuona upande uliomeguka: bapa, ngazi ngazi, kama ukuni mkavu uliopasuliwa. Amethisti humeguka kama chupa. Lile ni floraiti, jiwe laini, ukiliweka kwenye gurudumu la kukatia linachanika. Najua. Nilishapasua la kwangu mwaka nilioolewa, nikalia siku nzima.

Nikanyamaza. Acha aumbuke.

Alhamisi, 7 Agosti

Yasinta kaomba mashine yangu ya kukatia. Nikampa bila kununa. Nikamfutia na gurudumu. Paskali kanisifu mezani kwamba siku hizi nina roho nzuri. Nusura nipaliwe na ugali.

Ijumaa, 8 Agosti

Limepasuka. Vipande vitatu na unga. Yasinta alipiga ukelele mpaka muuza viatu akaja kuchungulia.

Nilifurahi. Sitajidanganya, nilifurahi hadi nikaogopa wataniona usoni. Nikainama kuokota vipande. Pale chini, nimeinama, ndipo nikamkumbuka Mama Gidamuda. Tangu Jumatano sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama Gidamuda kaja mapema, umande bado kwenye shuka lake. Yasinta hakumficha kitu. Akasema, ni mimi, mama, nimekosea. Akalia mbele ya wateja wake wote. Ningekuwa mimi ningesingizia mashine.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza tu, basi lilikuwa jiwe gani?

Na mdomo wangu huu! Nikadakia: floraiti, mama, ni laini, hata ule upande uliomeguka ulikuwa unaonyesha. Nilitaka kuwa mimi ninayejua, walau mara moja wiki hii.

Yasinta akanigeukia.

"Kumbe Jumatano uliliona?"

Nikajifanya napanga mawe.

"Mimi nilijua upo nyuma yangu, wifi. Nikasema nikikosea utanishtua."

Kwa hiyo ndiyo maana hakukwaruza. Si kiburi. Wiki nzima nimekiita kiburi.

Nilimwambia mama nitamfungia kipande kimoja kwa waya wa shaba, kitapendeza. Akasema, acha. Akatutazama sote wawili, akafunga vipande kwenye pindo la shuka, akafagia na ule unga kwa kiganja, akautia humo humo. Akamuaga Yasinta. Mimi hakuniaga.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani tumekaa benchi moja. Paskali katikati. Hajui lolote, Yasinta hajamwambia. Hilo nalo limenikera, kwamba kunyamaza kwake ni kuzuri kuliko kwangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Baridi imepungua. Yasinta kafika kabla yangu, kafagia na upande wangu. Akasema habari za asubuhi. Hakuniita wifi.

Kaja yule wa Gitting na mfuko mwingine. Mawe kumi na moja. Yasinta kayapima yote: lenzi, ulimi, kisha kioo. Kila moja kalikwaruza.

Nilisimama pale ninaposimama siku zote, nyuma yake. Hakugeuka.