Baba, Twaibu Hakuwa Dukani

Mwaka umetimia sasa, Baba yetu Wahid bin Said, tangu ulipotuondokea. Nyumba yetu ya Mirdif, huku ughaibuni, ni ileile. Kanzu zako zina maranda mifukoni mpaka leo, na Mama hataki zifuliwe.

Ulikuwa mpole, lakini kwenye mambo ya randa ulikuwa mkorofi. Hukukubali mtu atoke na randa au patasi katika duka lako la zana za useremala kule Rashidiya kabla hajaijaribu kwenye ile meza ya nyuma yenye jiliwa la kubania mbao. Vipande vya mbao vya kujaribia vilikuwa bure, na maneno yako ya Kiunguja cha Ng'ambo yalikuwa bure pia, tena mengi. Twaibu, fundi kutoka Kampala uliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, ulimfundisha kumuuliza mteja kwanza, "Unatengeneza nini?" Mara ngapi tulimsikia akisema, "Hiyo gundi usinunue, sir, bafuni itaachia," nawe ukacheka kwa fahari.

Ulipougua, bintiyo mkubwa Fauziya alishika duka. Alitaka kukuonyesha kuwa anaweza. Akaona meza inakula nafasi, akaitoa, akaweka rafu. Twaibu akabisha. Fauziya akamwambia khalas, kazi imekwisha, viza ikafutwa, wala hakumwambia kwamba wewe huna habari.

Kitandani ukawa unauliza kila siku: "Twaibu hajambo? Mbona haji kunitazama?"

"Hajambo, Baba," Fauziya akajibu. "Kazi nyingi dukani. Atakuja Ijumaa, inshallah."

Ijumaa tatu zilipita. Ya nne tulikuzika.

Sisi wengine tulikuwa chumbani mlemle. Tulijua, tukainamisha macho. Fauziya aliomba haya yaandikwe kwa jina lake peke yake. Mama amekataa, anasema uongo ule ulikuwa wa nyumba nzima.

Duka liko wazi bado. Wafanyakazi wapya wana adabu na wanajua namba za rafu zote, lakini hakuna anayemuuliza mtu anatengeneza nini, na maseremala wa zamani wanatupita tu. Hayo Fauziya angeyavumilia. Asichokiweza ni sauti yako ikimuulizia Twaibu.

Mwezi uliopita alikwenda kumtafuta, akamkuta Al Ras, kapata mwajiri mwingine, analinda mlango wa jengo. Akamweleza yote palepale, analia, watu wanapita.

"Madam," Twaibu akasema, "mwaka mzima mimi nilijua ni mzee ndiye alinifukuza. Ndiyo maana sikuja kumzika. Kumbe alikuwa ananiulizia?"

"Mpaka siku ya mwisho."

Tumeirudisha meza yako, na jiliwa lake. Twaibu hajakubali kurudi kazini, na hatumlaumu.

Lakini Ijumaa iliyopita alikuja, Baba. Alisimama kaburini kwako, akakusomea Fatiha, kisha akasema, "Mzee, nimefika. Nimechelewa, unisamehe." Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Fauziya akakaa chini mchangani.

Unakumbukwa na mkeo Bi Sharifah. Wanao Fauziya, Muhsin na Rayyah. Wakweo na wajukuu zako wote. Na Twaibu, ambaye tulipotangaza msiba wako hatukumwandika.

Hatutakusahau maisha yetu yote, na hatutakudanganya tena.