Moshi wa Galaksi Ndogo

Sabaha, nimeaibika. Tena mbele ya ukoo mzima hapa Issenye.

Baada ya ibada walitaka kuona kazi yangu. Nikafungua kompyuta, nikawaonyesha ile galaksi ndogo tunayoichunguza mimi nawe, yenye madoa tisa mekundu. Nikasema kwa madaha, "Huu wekundu ni hidrojeni. Ukiuona, jua nyota zinazaliwa. Ni kama ukiona moshi kwa jirani, unajua kuna mtu anapika."

Shangazi Verdiana akasema, "Sivyo, Agustina. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, niliona moshi kule kwetu tulikotoka. Nikawaambia wenzangu baba amerudi kule, anapika."

Nikacheka. Sabaha, NILICHEKA! Nilidhani anatania.

Akaendelea, "Ilikuwa nyumba yetu inaungua. Ilichomwa ili tusirudi. Wewe huo moshi wako umejuaje kama ni wa kupikia?"

Umejuaje! Ana haki ya kuuliza.

Maana nyota ikifa kwa kulipuka, hidrojeni inang'aa vilevile. Dalili ya mlipuko ni mwanga mwingi wa salfa, na mimi salfa sikuipima. Nimejifungia chumbani, nimeipima sasa hivi. Madoa manne ni nyota zilizokufa, na mimi nimeyahesabu kama zinazozaliwa. Hata kiwango cha oksijeni nilichokokotoa humo, nikidhani nyota zinazaliwa, ni uongo mtupu. Na makala tumeshaituma kwa jarida, jina lako liko pembeni ya langu.

Nisamehe. Kesho nitaandika tuiondoe. Hilo naliweza.

Ila shangazi yuko jikoni, ananipikia. Naona moshi dirishani, na sina uso wa kutoka.