Kuni za Mheshimiwa

Jumatatu, 2 Juni

Rambirambi tatu kabla ya chai. Maneno ni yale yale: "Nimepokea kwa mshtuko mkubwa." Nabadilisha jina la marehemu tu. Mheshimiwa Nkwabi hajashtuka tangu aingie bungeni, lakini kwenye karatasi zangu anashtuka mara tatu kwa siku. Sahihi naweka mimi. Yake naijua kuliko yangu. Dereva anapeleka bahasha misibani, anarudi, anaenda kuosha gari.

Mtaani kwangu, hapa hapa Bariadi, nyumba ya pili kuna kilio tangu jana. Sikwenda. Nilikuwa na kazi.

Jumatano, 4 Juni

Kura za maoni zinakaribia. Mheshimiwa anataka wasifu wake kwa ajili ya kipeperushi, ukurasa mmoja. Mambo yenyewe hayajai nusu. Alianza kama bwana shamba wa pamba, akakagua mashamba ya watu akiwa kivulini dukani, soda mkononi. Akawa diwani. Alizindua kisima, kikakauka, akakizindua tena. Kisha mwenyekiti wa halmashauri. Kisha mbunge, miaka kumi, swali moja bungeni. Nililiandika mimi.

Penye "Kazi" kasema niweke mkulima. Mkulima huyu mara ya mwisho kushika jembe ilikuwa siku ya kupigwa picha, na alilishika kama mwiko.

Nimeweka mkulima.

Jumamosi, 7 Juni

Nimepeleka sukari na sabuni kijijini kwa Mayu, mama mzazi wa Mheshimiwa. Hiyo nayo ni kazi yangu, kuwa mtoto kwa niaba. Amekonda sana. Sukari hakuitazama. Alinishika mkono.

"Ng'wana wane, mwanangu, mwambie mwenzako. Nisizikwe na vibarua."

Nilimwelewa. Kwenye nzengo yao, umoja wa majirani, mtu akifiwa kila nyumba inaleta mzigo wa kuni, na wanaume wanachimba kaburi. Nyumba isiyopeleka kwa wenzake nayo haipelekewi. Mayu alipeleka kichwani miaka yote, mpaka miguu ikagoma. Tangu hapo zamu ni ya mwanawe, mwenye lile jumba la bati la bluu. Hajapeleka hata ukuni mmoja. Anatuma bahasha. Bahasha haichemshi maji. Bibi wa watu anaogopa kufukiwa na watu wa kukodi, wasiojua hata jina lake. Chai aliyonimiminia niliiacha.

Jumanne, 10 Juni

Nimemwambia Mheshimiwa. Kacheka.

"Mwalimu, nani atakataa kumzika mama wa mbunge?"

Bado ananiita mwalimu, ingawa chaki niliiacha kwa ajili yake. Namdharau. Nimesema "sawa, Mheshimiwa" na kurudi kunyoosha hotuba ya kesho.

Jumatano, 11 Juni

Mkutano wa hadhara kijijini kwao. Magari sita, spika juu ya la kwanza. Njiani tukakuta watu wamebeba jeneza. Mke wa Mzee Masalu, kiongozi wa nzengo. Hapa kwetu hata mlevi akikutana na jeneza anasimama na kuvua kofia. Sisi tulipiga honi. Muziki haukuzimwa. Wakashuka mtaroni na maiti wao ili Mheshimiwa apite.

Mzee Masalu alitazama gari moja moja. Mimi nilikuwa kwenye la tatu. Niliinamia karatasi zangu.

Jioni niliandika rambirambi ya mkewe. Mshtuko mkubwa.

Jumanne, 17 Juni

Mayu amefariki alfajiri.

Mheshimiwa kaagiza mahema, jeneza la vioo kutoka Mwanza, na mshereheshaji. Kauliza kama wageni wa Dodoma watawahi. Hakuuliza mama yake alisema nini mwishoni.

Jumatano, 18 Juni

Mahema meupe. Viti vimepangwa vizuri. Hakuna mtu. Majirani wamekaa milangoni mwao, tunaonana. Jikoni hakuna moto.

Mheshimiwa akaleta vibarua kutoka mjini. Waliposikia nzengo imegoma, waliweka majembe chini na kutafuta usafiri wa kurudi. Hakuna anayechimba kaburi ambalo nzengo imelikataa.

Mchana akaja Mzee Masalu na wazee wawili. Hakupandisha sauti.

"Mayu ni wetu, tutamzika. Lakini mwanawe hajawahi kuleta kuni. Azilete. Aanzie kwangu."

"Nitatuma vijana, baba," akasema Mheshimiwa.

"Vijana wana mama zao."

Mheshimiwa akaingia ndani, akapiga simu kwa watu wakubwa. Nilimsikia akitaja cheo chake mara nne. Nadhani hata hao wakubwa wana nzengo zao. Alitoka akiuliza shoka liko wapi.

Alhamisi, 19 Juni

Mheshimiwa kavua koti saa moja asubuhi. Shoka lilimshinda. Alipiga gogo la mgunga kama anafukuza kuku, na mikono ikachubuka kabla kuni hazijafika nne. Mpiga picha wake akasogea. Mzee Masalu akamwambia, "Weka hiyo chini, chukua shoka." Akachukua.

Mheshimiwa alibeba mzigo begani, akapita mbele ya wageni wa Dodoma, hadi uani kwa Masalu. Akautua. Akasimama kidogo, nadhani akingoja makofi. Mzee akautazama. Ulikuwa mdogo kuliko ule Mayu aliokuwa akibeba uzeeni.

"Haya," akasema.

Ndipo wanawake wakaanza kutoka nyumba kwa nyumba, kuni vichwani, na wanaume na majembe. Saa kumi Mayu alikuwa amezikwa na watu waliojua jina lake. Nililia, na sikujificha.

Kwenye gari Mheshimiwa alikuwa akipulizia viganja vyake.

"Mwalimu, kwenye wasifu ongeza kwamba nashirikiana na wananchi misibani."

Niliiacha kalamu mfukoni. Mara ya kwanza.

Jumapili, 22 Juni

Sijaandika kitu tangu Alhamisi. Kipeperushi kipo mezani, penye "Kazi" nimefuta mkulima.

Asubuhi nimechanja kuni. Mzigo mmoja, na mikono yangu nayo imechubuka. Nikaupeleka nyumba ya pili, kule ambako sikwenda. Wiki tatu zimepita, mahema yalishaondolewa. Mjane alikuwa anafagia uwanja. Aliuliza kuni za nini, nikamwambia za msiba. Akaacha ufagio, akazipokea kwa mikono miwili.

"Asante, baba. Unakaa wapi?"

Nimekaa mtaa huu miaka tisa. Nilimwonyesha mlango wangu.

"Kumbe pale anaishi mtu," akasema, akarudi kufagia.